Kompyuta inazima mchana? Angalia njia ya hewa kabla hujanunua nyingine

Wapambanaji, leo tuongee kompyuta ya mezani. Najua wengi tunauzia kwenye simu, lakini oda zikishaongezeka, picha za bidhaa za kuediti, hesabu kwenye Excel, lebo za vifurushi za kuprinti, unajikuta umenunua kompyuta yuzd. Na malalamiko yanayokuja inboksi ni yaleyale: asubuhi inapiga kazi, ikifika saa nane mchana inakuwa nzito, feni inanguruma, halafu paap, imezima. Orodha ya oda hujaisevu.

Ukiita fundi anaweza kukwambia pawasaplai imekufa, au nunua mashine nyingine. Inawezekana kweli. Ila kabla hujagusa hela ya mzigo, pima joto kwanza.

Iko hivi. Prosesa ikipata joto kali inajipunguza spidi yenyewe ili isiungue. Nyingi za Intel kikomo chake ni karibu nyuzi 100. Ikishindikana kabisa, mashine inajizima. Kwa hiyo ule uzito wa mchana sio lazima iwe virusi. Weka HWMonitor au Core Temp, zote za bure, fanya kazi nzito dakika 15 huku ukiangalia namba. Ikibaki chini ya 80, kula raha, joto sio tatizo lako. Ikipanda 90 kwenda juu, endelea kusoma.

Sasa fungua kava la ubavuni, rudia kazi ileile. Namba ikishuka sana, kama nyuzi 10 hivi, basi boksi halipumui. Isiposhuka, tatizo liko pale pale juu ya prosesa, nitafika huko.

Kuna watu wakiona imeshuka wanaiacha wazi moja kwa moja. Mimi sishauri. Vumbi linaingia kila upande, mjusi anaingia, mtoto anaingiza kidole. Na mashine nyingi za ofisini zimetengenezwa hewa ipite kwenye mstari ikiwa kava limefungwa.

Fikiria chumba chenye dirisha mbele na dirisha nyuma. Upepo unaingia huku, unatokea kule. Boksi la kompyuta ni hivyohivyo: hewa ya baridi iingie mbele, chini, ya moto itoke nyuma, juu. Feni ya mbele inavuta ndani, ya nyuma inasukuma nje. Ukichanganya, feni zinagombana na joto linazunguka humohumo. Kujua feni inapuliza wapi, shika kipande cha tishu karibu nayo. Ikiwa haizunguki, angalia upande wenye ile mikono ya plastiki inayoshikilia mota katikati. Hewa inatokea upande huo.

Mara nyingi hata huhitaji feni mpya. Wauza nguo, hasa mtumba, mnanielewa: nyuzinyuzi za vitambaa zinaganda kwenye matundu ya mbele mpaka yanakuwa kama blanketi. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja umeme uliobaki uishe. Toa uso wa mbele, safisha kwa brashi kavu ya rangi au blowa. Ukipuliza feni, ishike isizunguke. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Pawasaplai usiifungue kabisa, inatunza umeme hata ikiwa imechomolewa. Ipulizie kwa nje tu.

Ndani, funga nyaya zilizozagaa zisikae mbele ya feni. Ukikuta kava la plastiki linaloelekeza hewa kwenye prosesa, usilitupe, lina kazi. Ukiamua kuongeza feni, pima kwanza nafasi (nyingi ni milimita 120, mashine ndogo 80 au 92) na uangalie plagi yake, maana baadhi ya mashine za kampuni zina plagi za kwao tu.

Kwa ambao joto halikushuka: angalia lile bati lenye mapezi juu ya prosesa, kama vumbi limeziba katikati. Kwenye hitisinki ya Intel ya kawaida kuna miguu minne ya plastiki. Mmoja ukichomoka, haikai sawa na joto linapanda. Ukiinyanyua, lazima ufute pesti ya zamani yote na kuweka mpya, kiasi cha punje ya njegere, sio kupaka kama siagi. Kama hujawahi, mpe fundi, kazi ya muda mfupi hiyo.

Halafu mahali ilipo. Acha sentimita 10 au 15 nyuma yake, usiisukumize ukutani. Itoe sakafuni. Usiizungushie mabegi ya mzigo. Na kile kitambaa cha kudarizi tunachokifunika juu ili ipendeze, mama wengi watanichukia, kitoe wakati imewashwa, hasa kama boksi lina matundu juu.

Jua pia kwamba feni haishushi joto chini ya la chumba. Stoo ikiwa na nyuzi 33, mashine haiwezi kuwa na 30. Fungua dirisha, na zile picha nyingi ziediti asubuhi.

Ukimaliza, rudia kupima dakika 15 uandike namba ya kabla na ya baada. Hata ukienda kwa fundi, nenda nazo, hawezi kukuuzia pawasaplai kirahisi.