Mazimwi ya Mfukoni na Wanaoyafukuza

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hawakujua kwamba siku moja mazimwi yenyewe yatahesabiwa, yatapewa majina na kutiwa mfukoni, na kwamba watu wazima wenye ndevu na ajira zao watayafukuza barabarani usiku. Mazimwi hayo ni Pokémon. Tangu yatoke Japani mwaka 1996 yameongezeka kutoka 151 hadi kupita elfu moja, na hayaonyeshi dalili ya kupanga uzazi.

Mama akimsikia mwanawe akitaja majina yasiyo ya Kiarabu, wala ya Kiingereza, wala ya Kiswahili, tena kwa ufasaha ambao hauonekani anapoulizwa jedwali la kuzidisha, basi ajue mgeni ameshabisha hodi. Ni adabu ya nyumba za pwani kumjua mgeni kabla ya kumkaribisha au kumkataa. Tumjue, basi: ametoka wapi, ana tabia gani, na ni chumba gani asichofaa kuingizwa.

Mtoto mpenda wadudu

Satoshi Tajiri alizaliwa mwaka 1965, akalelewa Machida, pembezoni mwa Tokyo, wakati ambapo sehemu hiyo ilikuwa bado na mashamba, vidimbwi na vichaka. Mapenzi yake yalikuwa kukamata wadudu, na wenzake wakamwita Daktari Mdudu. Lakini mji ulikuwa ukitambaa. Vidimbwi vilifukiwa, vichaka vikafyekwa, majumba yakasimama. Watoto waliozaliwa baada yake hawakuwa na pa kuinamia na kuinua jiwe kutazama kilichojificha chini yake.

Mwaka 1989 Tajiri, pamoja na mchoraji Ken Sugimori, waliifanya Game Freak kuwa kampuni ya kutengeneza michezo ya kompyuta. Siku hizo mashine ndogo ya mkononi iitwayo Game Boy ilikuwa na waya wa kuiunganisha na ya mwenzio. Wengine waliutazama waya huo wakawaza mashindano. Tajiri aliutazama akamwona mdudu akitambaa ndani yake, akitoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kukusanya viumbe na kubadilishana.

Kazi hiyo ilichukua takriban miaka sita, na nusura kampuni ifilisike. Tarehe 27 Februari 1996 mchezo ulitoka katika matoleo mawili, jekundu na kijani. Baadhi ya mazimwi yalipatikana katika toleo moja tu, hivyo mtoto hakuweza kukamilisha mkusanyiko wake akiwa peke yake. Ilimbidi amtafute mwenzake, waketi pamoja, waunganishe waya na wapeane. Mtu atasema hiyo ni hila ya biashara, wala hatakuwa amekosea. Hata hivyo, ni hila iliyowafanya watoto wakutane ana kwa ana, jambo ambalo michezo mingi ya leo imelisahau.

Pika, lakini si jikoni

Jina Pokémon ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya mazimwi ya mfukoni. Maarufu kuliko wote ni Pikachu, kiumbe wa manjano mwenye mashavu mekundu yanayohifadhi umeme, aliyebuniwa na msanii wa kike, Atsuko Nishida. Kwa Kijapani, "pika" ni mwako wa cheche na "chu" ni mlio wa panya. Kiumbe huyu hana maneno mengine ila jina lake, basi mchana kutwa hulia, "Pika! Pika!" Kwa sikio la Mswahili hiyo si sauti ya cheche; ni sauti ya mama mkwe aliyewasili bila taarifa saa sita mchana.

Wenzake nao wana visa vyao. Yuko Snorlax, mwenye uzito wa kilo 460, ambaye hulala kingalingali katikati ya barabara na hainuki mpaka apigiwe zumari. Kila ukoo una Snorlax wake, hasa baada ya biriani ya Ijumaa. Yuko Psyduck, bata ambaye kichwa kinamuuma siku zote, na ambaye mama yeyote mwenye watoto watano atamwona ndugu. Yuko Magikarp, samaki asiyejua lolote ila kutapatapa. Anachekwa na kila mtu hadi siku anapogeuka kuwa Gyarados, joka la bahari la kuogofya. Mzazi ambaye mwanawe amechelewa kushika masomo asikate tamaa.

Kadiri miaka ilivyosonga, wabunifu nao walianza kutazama huku na huku wakitafuta cha kugeuza zimwi. Likatokea zimwi la koni ya aiskrimu, likatokea la shada la funguo, na mwaka 2010 likatokea Trubbish, ambalo kwa hakika ni mfuko wa taka wenye macho. Mashabiki wakalalama kwamba wabunifu wameishiwa. Nasi twashangaa kwa sababu nyingine: mfuko wa taka upo mlangoni mwetu kila asubuhi, na hatujapata kumwona mtoto akishindana na nduguye nani aukamate kwanza.

Si vichekesho vitupu. Kuna kiumbe aitwaye Cubone, yatima mdogo anayevaa fuvu la mamake aliyekufa na hulia kila amkumbukapo. Watoto wengi waliocheza mchezo huu zamani wamesahau nani alimshinda nani, lakini Cubone wanamkumbuka.

Miaka kumi isiyokwisha

Mwaka 1997 ilianza katuni ya televisheni. Shujaa wake ni mvulana ambaye Wajapani humwita Satoshi, kwa jina la mwanzilishi, na ulimwengu wa Kiingereza humwita Ash. Alitoka nyumbani akiwa na miaka kumi ili awe bingwa wa wafugaji wa mazimwi. Katika tafsiri ya Kiingereza, mamake alimfungia mizigo na kumtilia hata glavu za mpira za kufulia nguo. Zilimfaa siku ile ile: Pikachu alikuwa akimpiga umeme kila amgusapo, na ni glavu za mama zilizomwokoa.

Ilimchukua miaka 22 kushinda ligi yake kubwa ya kwanza, mwaka 2019. Mtu wa kawaida angekuwa na miaka 32, mke, watoto na deni la karo. Yeye alikuwa bado na kumi. Mwaka 2022 akawa bingwa wa dunia, na mwaka 2023 akawaaga watazamaji akiwa na umri ule ule. Waliomtazama tangu mwanzo walikuwa wameshakuwa wazazi.

Katuni hiyo ilikuwa na siku yake nyeusi. Tarehe 16 Desemba 1997, kipindi kimoja kilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu uliomemeta kwa kasi, na watoto wapatao 685 nchini Japani wakapelekwa hospitalini, baadhi yao wakiwa na kifafa. Tangu hapo televisheni za huko huwakumbusha watoto kutazama katuni katika chumba chenye mwanga, mbali na kioo. Ushauri huo hauhitaji kuvuka bahari mara ya pili.

Mashabiki na mikasa yao

Mwezi Julai 2016 ulitoka mchezo wa simu uitwao Pokémon Go, ambao huonyesha mazimwi kana kwamba yamesimama mtaani. Watu ambao hawakuwa wametembea miaka mingi wakatembea, na hilo lilikuwa jema. Lakini walitembea wakitazama simu. Huko Encinitas, California, wanaume wawili waliingia mahali palipozungushiwa ua, wakaanguka kutoka kwenye jabali la pwani, wakaokolewa na wazima moto. Jumba la Makumbusho la Mauaji ya Wayahudi mjini Washington lililazimika kuwaomba wageni wasikamate mazimwi ndani ya ukumbi wa maombolezo.

Taiwan ikatoa bingwa wake, mzee aliyefundishwa mchezo huu na mjukuu wake. Mwaka 2018, akiwa na miaka 70, alikuwa akizunguka kwa baiskeli iliyofungwa simu 11. Mjukuu alidhani anampa babu kitu cha kupoteza muda. Miaka miwili baadaye simu zilikuwa zimepita 60, zimepangwa mbele ya usukani kama mkia wa tausi.

Mwaka 2019 kampuni ilipotangaza kwamba matoleo mapya hayatakuwa na mazimwi yote ya zamani, mashabiki walihamaki kama jamaa walioachwa katika orodha ya waalikwa wa harusi. Kwa miaka mingi waliimbiwa kwamba lazima wawakamate wote; sasa wanaambiwa wote hawatoshi ukumbini.

Lakini kichekesho kikubwa kiko katika kadi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, jarida moja la watoto la Japani lilifanya mashindano ya kuchora, na washindi wakatuzwa kadi maalumu ya Pikachu aliyeshika kalamu. Zilikuwa chache, na zilitolewa bure kwa watoto waliochora vizuri. Mwaka 2021 Mmarekani Logan Paul aliinunua moja kwa thamani ya dola 5,275,000, kisha akaivaa shingoni mbele ya umati wa mieleka. Bibi zetu walivaa vidani vya dhahabu. Yeye alivaa karatasi.

Mtu huyo huyo alilipa dola milioni 3.5 kwa sanduku la kadi za zamani lililofungwa. Lilipofunguliwa Chicago mapema mwaka 2022, ndani mlikuwa na kadi za G.I. Joe, askari wa katuni. Mwaka 2021 pia, baada ya wateja kupigana nje ya duka moja huko Wisconsin, kampuni ya Target ilisimamisha kwa muda uuzaji wa kadi hizi madukani mwake. Waliogombana hawakuwa watoto.

Pakiti iliyofungwa

Hapa kicheko kinapungua. Kadi huuzwa katika pakiti zilizofungwa, na mnunuzi hajui amenunua nini mpaka aifungue. Nyingi ni za kawaida, chache ni adimu. Mtoto hafurahii alizonazo. Anafikiria pakiti ijayo. Mwaka 1999 wazazi huko California waliwashtaki watengenezaji, wakidai kwamba biashara hiyo ni kamari inayouzwa kwa watoto. Mwaka 2001 aliyekuwa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia, Sheikh Abdulaziz Al al-Sheikh, alitoa fatwa dhidi ya mchezo huu, na mojawapo ya sababu ilikuwa hiyo hiyo: kufanana kwake na kamari. Watu wawili wasiojuana, wa dini na bara tofauti, waliitazama pakiti moja wakaona kitu kimoja.

Wakati huo ulivuma pia uvumi katika nchi za Kiarabu kwamba majina ya mazimwi haya ni matusi ya siri dhidi ya dini. Waliolijua lugha ya Kijapani walikanusha. Ni rahisi kuona kosa hilo linavyotokea: lau tungehukumu lugha ya watu kwa masikio yetu, tungeshuhudia kwamba Pikachu ametumwa kuwarudisha wanawake wote jikoni. Hoja ya kamari ina uzito wake; hoja ya uvumi huidhoofisha.

Dunia nayo haiishiwi na vituko. Mwaka 2025 mchezo wa Pokémon Go ulinunuliwa, pamoja na mingine, kwa dola bilioni 3.5 na kampuni ya Scopely, ambayo mmiliki wake wa mwisho ni mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia. Fatwa ni ya wanazuoni, na kila familia ina sheikh wake wa kumuuliza. Sisi twasema tu kwamba umiliki kubadilika hakuibadilishi pakiti: bado imefungwa, na mtoto bado hajui kilichomo.

Basi mzazi na ajiulize maswali mepesi. Je, mtoto analipia kitu anachokijua, au anabahatisha? Je, anacheza na mwenzake, au amejifungia na simu? Na je, simu hiyo imeunganishwa na pesa za mama? Bahati nasibu ya karatasi ya mtoto wa miaka minane haina tofauti kubwa na ile inayomaliza mshahara wa kaka yake, isipokuwa rangi za katuni.

Na asiyetaka kuishia katika kukataza ana njia nyingine. Kati ya mazimwi ya mwanzo kabisa yuko Caterpie, kiwavi ambaye hujifunga katika gamba, kisha hutoka kipepeo. Mchezo huita mageuzi, lakini Tajiri aliyaona vichakani utotoni mwake. Vichaka vyake vilifukiwa. Vyetu bado vipo. Huko Gede, kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wanavijiji wa mradi wa Kipepeo wamekuwa wakifuga vipepeo tangu miaka ya 1990 na kuyauza magamba yao ng'ambo. Mchukue mtoto siku ya likizo akaone kiwavi wa kweli akigeuka. Hana pakiti, hana bei ya mnada, na hahitaji chaji. Mwalike na mtoto wa jirani, wawe na wa kumwonyesha mwenzake alichokipata.