SIKU YA KUJIFUNGUA: YAFAA ASKARI AIJUE HESABU YA MKUNGA

Askari aliye kazini mbali na kwao aghalabu hupata habari za mimba ya mkewe kwa simu. Huambiwa kwamba mama amekwenda kliniki, kwamba yu mzima, na kwamba mimba imefikia majuma kadha wa kadha. Habari hiyo ni ya furaha. Walakini bwana akiisha kukata simu huanza kuhesabu kwa vidole: likizo yangu ilianza siku gani, nami niliondoka nyumbani lini? Mara nyingine hesabu yake haipatani na ile iliyoandikwa katika kadi ya kliniki. Hapo furaha hugeuka kuwa shaka, na shaka ikiachwa bila maelezo huzaa maneno mazito yasiyoweza kurudishwa kinywani.

Twapenda kusema mapema kwamba tofauti ya namna hii, peke yake, si ushahidi wa kosa la mke, wala si kosa la mkunga. Sababu yake ni kwamba bwana na mkunga hawaanzi kuhesabu siku moja. Leo tunawaeleza jambo hili askari wetu wa jeshi na wa polisi, hasa wale wenye jamaa zao katika wilaya ya Kasese, kuanzia mjini Kasese hata Bwera na mpaka wa Mpondwe. Katika nchi ile ya milima na mito, mtu asiyeijua hesabu hii aweza kuvunja nyumba yake bure, tena aweza kuhatarisha maisha ya mama na mtoto.

MKUNGA HUANZIA WAPI

Siku mimba inapotunga haionekani kwa macho. Hata mume na mke waliokutana usiku mmoja tu hawawezi kujua kwa yakini yai lilipevuka saa ngapi. Kwa hiyo wakunga huanza na siku ambayo mama mwenyewe aweza kuikumbuka, nayo ni siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Kutoka siku hiyo huhesabu siku 280, yaani majuma 40.

Iko njia ya mkato inayojulikana kwa jina la Franz Naegele, mganga wa uzazi wa Kijerumani aliyefundisha katika mji wa Heidelberg na kufariki mwaka 1851. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha rudi nyuma miezi 3. Mwezi utakaoupata ndio mwezi wa kutazamia mtoto.

Sasa hapa ndipo penye siri ya ugomvi wote. Kwa mwanamke ambaye hedhi yake huja kila baada ya siku 28, yai hupevuka kama majuma mawili baada ya hedhi kuanza. Basi, kadi isemapo kwamba mimba ina majuma 12, mtoto mwenyewe ametungwa yapata majuma 10 tu. Yale majuma mawili ya kwanza yamo katika hesabu, lakini mimba haikuwako bado.

MFANO WA LIKIZO

Na tuchukue mfano. Tuseme askari mmoja alifika kwake Bwera kwa likizo tarehe 20 Machi, akaondoka tarehe 3 Aprili. Mkewe aliona hedhi yake ya mwisho kuanzia tarehe 10 Machi. Tarehe 2 Juni anakwenda kliniki, na mkunga anaandika katika kadi: majuma 12. Bwana anarudi nyuma majuma 12 na kujikuta kwenye tarehe 10 Machi, siku kumi kabla hajakanyaga mlango wa nyumba yake. Asiyejua atapandwa na hasira. Anayejua atafahamu kwamba yai lilipevuka kama tarehe 24 Machi, naye alikuwa nyumbani. Kadi imesema kweli, na mke amesema kweli.

Tuendelee. Kwa kanuni ya Naegele, mama huyu hutazamiwa kujifungua tarehe 17 Desemba. Mtu akihesabu siku 280 mojamoja atafika tarehe 15 Desemba, kwa kuwa miezi haina urefu mmoja. Hizo ni hesabu mbili sahihi, nazo zimepishana kwa siku mbili. Hilo peke yake latosha kutuonya kwamba tarehe hii ni makadirio, wala si amri ya kufunga safari iliyopigwa muhuri.

Kwa hakika, katika kila akina mama mia, ni kama wanne au watano tu wanaojifungua siku ile ile iliyoandikwa. Mtoto huhesabiwa kuwa ametimiza muda wake kuanzia majuma 37 hadi kabla ya kutimia majuma 42. Kwa mama wa mfano wetu, muda huo waanza tarehe 24 Novemba na kuishia siku za mwisho za Desemba. Mtoto akizaliwa tarehe 24 Novemba, bwana atahesabu tangu likizo yake na kupata miezi minane, tena atamwona mtoto ana afya na uzito mwema. Asikimbilie kusema, "Huyu si wa miezi minane." Kwa hesabu ya mkunga huyo ni mtoto wa majuma 37, aliyetimia.

Askari polisi ajua kwamba kabla ya kulinganisha maelezo ya mashahidi wawili, sharti kwanza aulize kila mmoja alitazama saa ipi. Na afanye vivyo hivyo nyumbani kwake. Kadi ya kliniki imewekwa ili kulinda uzazi. Haikuwekwa ili kuhukumu ndoa.

MAMA ASIPOKUMBUKA

Wako akina mama wasioweza kuitaja siku ya hedhi yao ya mwisho. Anayenyonyesha aweza kushika mimba kabla hedhi haijarudi. Aliyekuwa akichomwa sindano ya kupanga uzazi aweza kukaa miezi bila kuiona. Mwingine huona damu kidogo mwanzoni mwa mimba na kuidhania kuwa hedhi, na hesabu yake ikapotea mwezi mzima. Tena wako ambao hedhi yao huja kila baada ya siku 35; hao yai huchelewa kupevuka, na siku ya kujifungua husogea mbele kama juma moja.

Hapo mkunga hutafuta alama nyingine. Huuliza hedhi ilikuja kabla au baada ya sikukuu fulani, au wakati wa mavuno yapi. Huuliza mtoto alianza kucheza lini, kwa maana mama wa mimba ya kwanza aghalabu huhisi mchezo huo kati ya majuma 18 na 20, na aliyekwisha kuzaa huhisi mapema zaidi. Hupapasa tumbo: kilele cha mfuko wa uzazi kikifika kwenye kitovu, mimba ina kama majuma 20, kikikaribia chembe ya moyo, ni kama majuma 36. Hupima pia kwa utepe kutoka mfupa wa kinena, na baada ya majuma 24 idadi ya sentimita hukaribiana na idadi ya majuma. Walakini mtoto mkubwa, mtoto mdogo au mapacha huweza kuipotosha alama hiyo.

Kipimo kilicho bora kuliko hivi ni picha ya mawimbi ya sauti, ambayo Profesa Ian Donald na wenzake wa Glasgow waliitangaza kwa matumizi ya uzazi mwaka 1958. Katika miezi mitatu ya kwanza mtoto hupimwa urefu toka utosini hadi matakoni, na tarehe inayopatikana haikosei zaidi ya siku tano hadi saba. Lakini picha ikipigwa katika miezi ya mwisho, huweza kukosea hata majuma mawili au matatu, maana watoto hawakui kwa kipimo kimoja. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2016, lilisema kila mjamzito apigwe picha moja kabla ya majuma 24. Anayechelewa kwenda kliniki hupoteza nafasi ya kupata tarehe ya kuaminika.

Tarehe hiyo ina kazi kubwa. Uchungu ukianza kabla ya wakati, iko sindano ya kusaidia mapafu ya mtoto kukomaa, ambayo hutolewa kabla ya majuma 34 kutimia. Mimba ikipita majuma 41, hatari kwa mtoto huongezeka na waganga huenda wakaamua kuanzisha uchungu. Pasipo kujua majuma, mganga hukata shauri gizani.

MVUA NA MITO HAINGOJI

Wilaya ya Kasese ina jambo jingine la kufikiria. Kutoka mjini Kasese hata Mpondwe ni karibu kilomita 60, na vijiji vingi vimekaa juu ya barabara kuu, katika miteremko ya Rwenzori. Huko mama hushuka kwa miguu au kwa pikipiki hata afikie hospitali ya Bwera au ya Kagando. Mwezi Mei mwaka 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika kwa nguvu kubwa. Mwaka 2020 maji yaliharibu hospitali ya Kilembe na wagonjwa wakahamishwa. Mama anayengoja siku yenyewe ndipo ateremke mlimani amemkabidhi mto maisha yake.

Basi, shauri letu kwa askari ni hili. Mwambie mkeo aandike siku ya kwanza ya kila hedhi, nawe uiandike katika kitabu chako. Aende kliniki mapema, mara anapohisi ana mimba. Usiombe ruhusa yako yote kwa ajili ya siku moja iliyoandikwa katika kadi, kwa maana huenda ukafika na kuondoka kabla ya mtoto kuja. Badala yake, kuanzia juma la 37 fedha ya usafiri iwe imekwisha kuwekwa, jirani wa kumsindikiza awe amekwisha kutajwa, na ikiwezekana mama awe amekwisha kushukia kwa ndugu anayekaa karibu na hospitali.

Na siku utakapopigiwa simu na kuambiwa idadi ya majuma, ondoa mawili kwanza, ndipo uhesabu. Wazee walisema, hasira hasara. Asiyehesabu sawasawa huweza kuwapoteza mke na mtoto, na wote wawili wangali wake.