Chokaa ya Gorgora

Mtu wa Dar akifika Gondar, Ethiopia, cha kwanza kumfurahisha ni saa. Wahabeshi huhesabu saa kama sisi, tangu jua linapochomoza; saa moja yao ya asubuhi ndiyo saa moja yetu. Kinachovuruga ni tarehe. Mwaka wao uko nyuma ya wetu kwa miaka saba au minane, tena una miezi 13, huo wa mwisho ukiwa wa siku tano au sita tu. Basi sisi wainjilisti kutoka Keko tulikuwa sawa kwa saa, tukapotea kwa miaka.

Kazi iliyotupeleka ilipokwisha, wenyeji walitupa siku moja ya kutembea. Gari lilitoka alfajiri Gondar, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, likashuka kusini kilometa 60 hivi hadi Gorgora, ukingo wa kaskazini wa Ziwa Tana. Kushuka huko kusikudanganye: ziwa lenyewe liko karibu mita 1,800, ilhali Victoria liko 1,134. Waliozoea joto la Keko Magurumbasi walijitanda vitenge hadi masikioni.

Tana ndilo ziwa kubwa kuliko yote Ethiopia, kilometa za mraba zipatazo 3,000, ingawa kina chake ni kidogo, mita 15 hivi penye kina kirefu. Humo ndimo inamotoka Abay, yaani Nile ya Bluu, kwenda kukutana na nduguye kule Khartoum. Visiwani wanaishi watawa. Kisiwa cha Daga Istifanos kinatunza mabaki ya wafalme wa zamani, na zipo nyumba za watawa ambazo mwanamke hazikanyagi. Tangu 2011 limeingia gugumaji, adui ambaye wavuvi wa Mwanza hawahitaji kuelezwa.

Lugha nayo ilitushangaza. Mkalimani aliposema *bahir*, hatukungoja tafsiri: ni bahari. *Buna* ni kahawa, na sisi tunayo buni. *Metsihaf* ni kitabu, na ukoo wake umefika kwetu kwa njia ya Kiarabu ukaitwa msahafu.

Ufukweni tuliona *tankwa*, chombo cha mafunjo yaliyofungwa matita kwa kamba. Fundi samani mmoja wetu alikizunguka mara mbili akitafuta msumari, asiuone. Kikilowana mno, mwenyewe hufunga kingine. Mwaka 1969 Mnorwe Thor Heyerdahl aliunda kwa mafunjo ya Tana chombo alichokiita Ra, akitaka kuvuka Atlantiki. Kikamshinda kabla ya kufika. Mwaka uliofuata aliwaita mafundi Waaymara wa Ziwa Titicaca, huko Amerika Kusini, ambako magofu ya Wainka yanatazama maji kwenye mita 3,800. Chombo walichomfungia, Ra II, kilifika Barbados.

Gorgora pia ina magofu yake. Tulivua viatu kwanza katika kanisa la Debre Sina Maryam, ambalo kuta zake za ndani zimejaa picha za watakatifu wenye macho makubwa, kisha tukaenda kwenye rasi yalipo mabaki ya kanisa la Wajesuiti, wamisionari wa Kikatoliki. Matao yamekatika, paa limeanguka, lakini maua yaliyochongwa kwenye mawe bado yanaonekana.

Mjesuiti aliyepata kusikilizwa nchini humo ni Mhispania Pedro Páez. Alijifunza lugha za wenyeji, akakaa nao kwa upole, na mwaka 1622 Mfalme Susenyos akajitangaza kuwa upande wa Roma. Mwaka huohuo Páez akafa. Wenzake waliendelea kuja. Mmoja wao, Jerónimo Lobo, alishukia Pate mwaka 1624 akitafuta njia ya nchi kavu, lakini pwani yetu haikumfikisha. Mwaka 1625 alifika Afonso Mendes, patriaki, naye hakuwa na subira ya Páez. Alitaka watu wabatizwe upya, makasisi wawekewe mikono upya, kalenda ya sikukuu ibadilishwe. Na hawa ni watu ambao mfalme wao Ezana alimpokea Kristo katika karne ya 4! Nchi ikawaka. Mwaka 1632, baada ya damu nyingi kumwagika, Susenyos aliirudisha imani ya zamani akamwachia kiti mwanawe Fasilides, ambaye aliwafukuza Wajesuiti.

Kiongozi wetu, ambaye huwa hakosi neno, alisimama chini ya tao lililokatika asiseme kitu. Nasi tulikuwa tumekuja na injili kwenye begi.

Tangu 2023 mapigano yamelishika jimbo la Amhara, zilimo Gondar na Gorgora, na safari ya namna ile si ya kuamka tu ukaenda.

Jioni tulirudi Gondar, mji ambao Fasilides aliuanzisha mwaka 1636, tukaingia kwenye ngome yake. Kujenga kwa mawe na chokaa kulienea nyanda hizo katika miaka ya 1620, siku za Wajesuiti, wakati misikiti ya chokaa ya Kilwa ilikuwa imekwisha kuzeeka. Fundi wetu alikwangua ukuta kwa ukucha, akanusa.

“Wageni kawafukuza,” alisema, “chokaa kaiacha.”