Uchovu Usiokwisha na Haki ya Mwili

Ndugu msomaji, simama asubuhi moja katika kituo cha mabasi cha Mbagala Rangi Tatu, au cha Tegeta, kabla jua halijachomoza, utazame nyuso za watu. Wamekwisha sali Alfajiri, wamevaa safi, nauli i mkononi. Lakini macho yao ni kama ya mtu arudiye kazini, wala si ya aendaye. Daladala likiondoka, utamwona mmoja amelala naye yu wima, mkono umeshika chuma cha juu. Mwulize hali, atakujibu: “Alhamdulillahi, uchovu tu.” Jawabu hilo twalisikia kila siku, nasi wenyewe twalitoa, hata limekuwa kama sehemu ya salamu.

Sababu moja kubwa ni umbali. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 272,821. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa mzima ulikuwa na watu 5,383,728, na kati yao Temeke ilikuwa na 1,346,674 na Kinondoni 982,328. Nyumba zimekwenda mbali, lakini kazi nyingi zimebaki palepale Kariakoo na Posta. Basi mtu hulipa umbali huo kwa saa zake, na saa za kwanza azitoazo ni zile za kulala.

Tuchukue kwa mfano nyumba moja ya Mbagala. Baba auza duka la mtu Kariakoo. Mama akaanga vitumbua vya kuuza asubuhi. Baba afika nyumbani saa mbili usiku kwa ajili ya foleni, chakula chaliwa saa tatu, kisha mpira katika televisheni, kisha simu, na taa yazimwa saa sita. Saa kumi na moja baba ameamka. Mama aliamka tangu saa tisa.

Matabibu wa usingizi wa Marekani walikubaliana mwaka 2015 kwamba mtu mzima hahitaji kulala chini ya saa 7 kila usiku, na mwenye kudumu chini ya hapo hujiongezea hatari ya maradhi ya moyo, ya sukari na ya huzuni. Baba wetu amelala saa 5. Kila usiku amekopa saa 2, na kwa wiki moja deni lake ni saa 14, yaani mikesha miwili kamili. Deni la mama ni mara mbili ya hilo. Hapo ndipo watoto hugombezwa bila kosa, na maneno madogo ya mume na mke huwa makubwa. Wako waliofikishana hata kwa kadhi kwa jambo ambalo usingizi wa siku tatu ungalilimaliza.

Na watu hutafuta sababu mbali. Huyu asema ni uvivu, yule asema ni upungufu wa imani, wa tatu asema ni hasadi ya jirani. Kabla hujamshitaki jirani, hesabu kwanza saa ulizolala.

Salman alipomzuru nduguye Abu Dardaa, alimkuta mkewe hali yake imechakaa, akauliza kwa nini, akaambiwa kwamba Abu Dardaa hana haja tena na dunia. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake, aliyekuwa amefunga sunna, ale pamoja naye. Usiku Abu Dardaa akataka kusimama kusali. Salman akamwambia alale. Akataka tena, akamwambia alale. Ilipokuwa mwisho wa usiku wakainuka wote wawili wakasali. Kisha Salman akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani wake wana haki. Habari ilipofika kwa Mtume (s.a.w.), alisema Salman amesema kweli. Ikiwa aliyekesha kwa ibada alikatazwa kuidhulumu nafsi yake, je, sisi tunaokesha kwa simu?

Imepokewa pia kwamba Mtume (s.a.w.) hakupenda kulala kabla ya Isha wala mazungumzo baada yake. Sisi tukaao karibu na mstari wa ikweta tumefanyiwa wepesi. Huko London mwezi wa Juni jua huchwa baada ya saa tatu usiku, na Waislamu wa kule hutaabika. Kwetu Isha huingia mnamo saa moja u nusu mpaka saa mbili, na Alfajiri mnamo saa kumi na moja, na mabadiliko ya mwaka mzima hayafiki saa moja. Mwenye kulala saa tatu u nusu akaamka saa kumi u nusu amepata saa zake 7 kamili, na sala haikumpita. Simu na ilale sebuleni. Chai ya jioni nayo ipunguzwe, maana baada ya saa 5 hivi karibu nusu ya nguvu yake ya kuondoa usingizi ingali mwilini.

Lipo na jambo jingine tuliloliacha: kailula. Katika Suratin Nur, zinapotajwa nyakati tatu ambazo watumishi na watoto hubisha hodi, mmoja ni wakati wa adhuhuri watu wavuapo nguo kupumzika. Yaani mapumziko hayo yalihesabiwa kuwa desturi ya nyumba. Auzaye duka hawezi kurudi Mbagala mchana, lakini aweza, baada ya Adhuhuri, kuegemea mahali kwa dakika 20. Asizidishe sana, wala asilale karibu na Magharibi, usingizi wa usiku usije ukaharibika.

Lakini mama je? Yeye hana wa kumruhusu kulala ila watu wa nyumbani mwake. Maji yachotwe jioni na vijana wa kiume, vyombo vioshwe, mkaa na jiko viwekwe tayari. Ataweza kuamka saa kumi u nusu badala ya saa tisa. Bibi Aisha (r.a.) alieleza kwamba Mtume (s.a.w.) nyumbani alikuwa akiwatumikia watu wake, na sala ikifika hutoka kwenda kusali. Kijana aonaye haya kubeba ndoo na amfikirie huyo.

Ikiwa umelala ipasavyo wiki mbili au tatu na uchovu haukuondoka, nenda kwa tabibu. Upungufu wa damu, ambao huwapata wanawake wengi, maradhi ya sukari, malaria, na huzuni ya kudumu, yote hayo huanza kwa uchovu. Mwenye kukoroma sana na kukatika pumzi usingizini naye aseme, asione aibu.

Makala ya mwezi uliopita tuliiandika usiku wa manane, na mhariri akatuonyesha makosa kumi na moja. Hii tumeiandika baada ya Alfajiri, tumekwisha lala.