Kuyapa Majina Makundi ya Barua: Programu ya MH na Utafiti wa Kiswahili cha Goma

Mtafiti wa lahaja anayekusanya data yake kwa njia ya barua pepe hukabiliwa mapema na swali linaloonekana dogo: barua hii iwekwe wapi? Tuchukulie mtafiti anayewasiliana na wasemaji wa Kiswahili mjini Goma. Barua moja yaweza kueleza bei ya makaa, kumtaja dereva wa chukudu (kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kibebacho mizigo, ambacho sanamu yake ya rangi ya dhahabu imesimama mjini humo), kuandika "batoto" mara mbili na "watoto" mara moja, na kumalizikia kwa salamu za Kifaransa. Akiwa na jalada la msamiati na jalada la viambishi, mtafiti atalazimika kuchagua moja, na alichokiacha hatakikumbuka baada ya miezi mitatu. Makala haya yanaeleza jinsi programu ya MH inavyoliepuka tatizo hilo.

MH ilibuniwa katika Shirika la RAND, California, mwishoni mwa miaka ya 1970, na toleo lake la kwanza liliandikwa na Bruce Borden. Mrithi wake, nmh, angali anatunzwa hadi leo. Haina madirisha wala picha. Mtumiaji huandika amri moja moja kwenye mstari, kama zile nyingine za mfumo wa Unix. Kila barua ni faili moja la kawaida lenye nambari kwa jina, na jalada ni saraka ya mafaili hayo. Kwa mtu anayetumia kompyuta kuukuu au mtandao unaokatikakatika, usahili huu si upungufu.

Ndani ya jalada, MH humruhusu mtumiaji kuzikusanya barua chini ya jina alilolichagua mwenyewe. Waundaji waliuita mpangilio huo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mfuatano, na wako watakaopenda kulitafsiri hivyo. Mimi naona tafsiri hiyo inapotosha, kwani mpangilio wa kufuatana si hoja hapa. "Fungu" nalo lina dosari yake: nyanya iliyo katika fungu hili sokoni haiwezi kuwa katika fungu lile. Afadhali "kundi", kwa kuwa mtu mmoja aweza kuwa katika kundi la waimbaji na katika kundi la wakopeshanao fedha bila kugawanyika. Ndivyo ilivyo kwa barua ya MH. Kuitia katika kundi hakuihamishi wala hakuinakili. Nambari yake tu ndiyo inayoandikwa mbele ya jina la kundi, mathali "chukudu: 3 17-19 42".

Amri ya "mark" huunda kundi kwa mkono, na amri ya "pick" huliunda kwa kutafuta. Jina lazima lianze kwa herufi, na baada ya hapo liwe na herufi au tarakimu tu. Nafasi na kistari havikubaliwi. Hapa ndipo tahajia ya Kongo inapoingia. Neno letu huandikwa "chukudu" na wengine, na "tshukudu" na wale waliosomea tahajia yenye mkono wa Kifaransa. Anayetafuta umbo la kwanza pekee atawakosa waandishi wa umbo la pili, na huenda akatoa hitimisho juu ya watu wa Goma ilhali amesoma barua za nusu yao. Maumbo yote mawili yana sehemu moja inayofanana, kwa hiyo yatosha kuandika:

pick +goma -search hukudu -sequence chukudu

Herufi ndogo katika utafutaji huu hulingana pia na herufi kubwa, hivyo neno lililo mwanzoni mwa sentensi halipotei. Hata hivyo, mtego huu hunasa pia kitenzi "hukudumu", kwa sababu programu haijui sarufi. Hapana budi kuzisoma barua zilizopatikana na kuziondoa zisizohusika: "mark 42 -sequence chukudu -delete". Barua ya 42 inabaki mahali pake. Kilichofutwa ni uanachama wake.

Tofauti moja kati ya amri hizi mbili imewagharimu wengi. Amri ya "mark", ikipewa jina la kundi lililokwisha kuwapo, huongeza. Amri ya "pick" hulifuta kwanza lililomo, kisha hujaza upya. Aliyetafuta "chukudu" leo na "tshukudu" kesho kwa kutumia jina lilelile la kundi atabakiwa na matokeo ya kesho tu, asipoongeza neno "-nozero" katika amri yake.

Faida kubwa kwa mwanaisimu imo katika kutafuta ndani ya kundi. Tuseme mtafiti amekwisha kuunda kundi "batoto" kwa barua zote zenye umbo hilo. Akiandika

pick batoto -search watoto -sequence mseto

atapata barua ambazo mwandishi yuleyule ametumia maumbo yote mawili. Barua hizi ndizo zenye thamani. Kiambishi ba- mahali pa wa- ni jambo linalojulikana katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, sawa na "mutoto" mahali pa "mtoto". Lisilojulikana mpaka tusome ni lini msemaji mmoja huhama kutoka umbo moja hadi jingine ndani ya ukurasa mmoja. Je, huandika wa- anapomnukuu mhubiri au mwalimu? Majalada mawili yaliyotengana yangalilificha swali hilo, kwa kuwa yangaligawa barua hizo kabla ya mtafiti kuliuliza.

Upo pia ukanushi. Katika faili la ".mh_profile" mtumiaji huchagua mwenyewe kiambishi cha kukanusha kwa mstari wa "Sequence-Negation". Akichagua "si", basi "scan sibatoto" itamworodheshea barua zote zisizo katika kundi la batoto. Ajihadhari tu asilipe kundi jina lianzalo na silabi hiyo, kama vile "simu" au "siasa".

Kufuta kunataka uangalifu zaidi. "mark -sequence batoto -delete all" huliondoa kundi na kuziacha barua salama. "rmm batoto" huziondoa barua zenyewe, na kwa sababu barua moja yaweza kuwa katika makundi manne, inatoweka kwa yote manne. Katika mpangilio wa kawaida, nmh hulitia faili lililofutwa koma mbele ya nambari yake, kwa hiyo aliyeharakisha ana muda mfupi wa kuliokoa.

Suala la mwisho ni la nakala. Goma imefikiwa na lava ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, imetishwa nayo tena mwezi Mei 2021, na Januari 2025 iliangukia mikononi mwa M23. Jalada ambalo nakala yake haiko nje ya mji limo hatarini, na anayelitoa aelewe anachokibeba. Makundi ya kawaida huandikwa katika faili la ".mh_sequences" lililo ndani ya jalada. Nukta ya mwanzo hulificha faili hilo, na amri "cp goma/*" hunakili barua zote na kuliacha. Barua zitafika, kazi ya miezi ya kuzipanga haitafika. Yafaa kunakili jalada zima kwa "cp -r goma".

Makundi ya faragha hayaokolewi hata kwa njia hiyo. Mwanafunzi aliyeruhusiwa kusoma jalada la idara bila kuliandika, makundi yake huwekwa katika faili la "context" la saraka yake mwenyewe, yakiambatanishwa na njia kamili ya jalada. Katika kompyuta nyingine njia hubadilika, na majina hayo hayatambuliki tena. Huyo na aandike "mark -list > makundi.txt" kabla ya kuondoka. Orodha hiyo ni maandishi matupu, na kwa kuwa nambari za barua hazibadiliki katika kunakiliwa, makundi yaweza kuundwa upya kutokana nayo kwa amri ya "mark", moja baada ya jingine.