Tairi la bei chee au la bei mbaya? Piga hesabu kabla ya msimu wa kahawa

Msimu ukikaribia hapa Mbinga, maswali yenu si ya mbolea na chulebuni tu. Wengi mmeshanunua kirikuu, Noah au Canter, na mnauliza: "Bwana shamba, nichukue tairi lipi, la bei chee au la bei mbaya?"

Hili ni swali la kilimo kabisa. Kahawa mbivu ikishachumwa inatakiwa kumenywa siku hiyo hiyo. Tairi likipasuka njiani Litembo saa kumi jioni, na spea yenyewe ni kipara, matunda yanaanza kuchacha ndani ya magunia. Ukifika kwenye mtambo usiku mnene, ladha imeshaharibika na daraja limeshuka. Anayepeleka mahindi Mbamba Bay na kurudi na usipa naye anajua kuwa samaki hawamsubiri fundi pancha.

Barabara zetu zinakula tairi kwa namna tatu

Kwanza, mawe. Ukiacha lami kuingia vijijini, kokoto kali zinachana tairi ubavuni, na ubavu ukichanika hauzibiki kwa usalama.

Pili, mteremko. Kutoka vilima vya Umatengo, vinavyopita meta 1,300, unashuka hadi ziwani, chini ya meta 500. Ukishuka na mzigo huku umekanyaga breki muda wote, joto la breki linaingia kwenye rimu, kisha kwenye tairi. Shuka kwa gia nzito.

Tatu, masika. Udongo mwekundu ukilowa ni sabuni. Tairi lililoisha kashata halina cha kushikia, liwe lilinunuliwa kwa bei gani.

Hesabu ya kilometa, siyo ya dukani

Tuchukue mfano; wewe weka bei za dukani kwako. Tairi la kwanza ni shilingi 100,000 na linatembea kilometa 20,000. La pili ni 180,000 na linatembea kilometa 45,000. Gawanya: la kwanza linakula shilingi 5 kwa kilometa, la pili shilingi 4.

Ukiwa unatembea kilometa 15,000 kwa mwaka, matairi manne ya bei chee yatakula 300,000 kwa mwaka, na yale ya bei mbaya 240,000. Hapo la bei mbaya ndilo rahisi.

Sasa mgeuzie mkulima ambaye gari lake linatoka msimu tu, kilometa 4,000 kwa mwaka. Lile la 180,000 lingehitaji miaka kumi na moja kuisha. Raba haisubiri hivyo, inazeeka na kupasukapasuka hata gari likiwa limelala. Ukilitoa baada ya miaka sita, limetembea kilometa 24,000, sawa na shilingi 7 na senti 50 kwa kilometa. La bei chee litamaliza kilometa zake kwa miaka mitano kwa shilingi 5 ile ile. Huyu akinunua la bei mbaya analipia kilometa ambazo hatazitembea.

Soma ubavuni kabla ya kutoa hela

Usiishie kwenye jina la kampuni. Angalia haya:

- Tarehe. Tafuta herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi "jipya" lililokaa stoo miaka mitano siyo jipya.
- Uzito. Tairi la kirikuu lililoandikwa 80/78 linabeba kilo 450 kila moja, au kilo 425 likifungwa mawili mawili upande mmoja. Lenye namba ndogo kuliko ile gari linayotaka liache, hata ukipewa nusu bei.
- Herufi C au LT. Hizo ni za magari ya mzigo. Tairi laini la gari dogo, hata la kampuni kubwa, halifai chini ya magunia.

Na jamani, tairi halibadilishi uwezo wa gari. Kirikuu cha Kijapani kimetengenezwa kubeba kilo 350, yaani magunia matatu na nusu ya mahindi ya kilo mia. Ukipakia kumi, hakuna tairi litakalokutetea mteremkoni.

Vipi mtumba?

Jina kubwa la mtumba linavutia, lakini hujui lilitembeaje upepo ukiwa mdogo, wala kama nyuzi za ndani zimekatika. Kwa bajeti ndogo, bora jipya la bei chee lenye uzito sahihi na tarehe ya karibuni. Lile lililochongwa kashata upya kwa kisu liache kabisa. Kilichokatwa ni raba iliyokuwa inalinda nyuzi.

Ukishanunua, litunze

- Pima upepo asubuhi tairi likiwa la baridi, ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa gari. Ukifika ziwani tairi likiwa la moto, usipunguze upepo; litakapopoa litakuwa chini ya kipimo.
- Upepo mdogo na mzigo mkubwa ndivyo vinavyopika tairi. Linajikunja, linapata joto, linapasuka.
- Ukinunua mawili tu, yafunge nyuma. Nyuma ikiteleza kwenye kona, kuirudisha ni kazi ngumu kuliko mbele.
- Usichanganye aina mbili kwenye ekseli moja.
- Kashata zikilingana na vile vinundu vidogo ndani ya mifereji, zimebaki milimita 1.6. Toa. Kwa matope yetu, usisubiri hata hapo.

Kwa hiyo, mwenye kukodisha gari na kwenda Songea kila wiki, jichange ununue la bei mbaya. Mwenye gari la msimu, chukua jipya la bei ya kati, uzito sahihi, ubavu mgumu, na hela inayobaki ipeleke kwenye spea nzima. Wote wawili, hela ya tairi itengeni siku malipo ya kahawa yanapoingia AMCOS, siyo siku limepasuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku kwetu ukuta wenyewe unaweza kuwa korongo.