Je, Wajua? Jahazi la Kandambili na Sanamu za Chokoleti

Sogea hapa, msomaji, nikupe ya leo. Ni habari za wasanii na mafundi, na nyingine utadhani nakutania.

Je, wajua kwamba jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilikaa miaka 117 na vishubaka vitupu kwenye ukuta wake wa mbele? Ukuta ulikamilika 1902, lakini sanamu zilizokusudiwa kukaa humo hazikuwekwa. Aliyevijaza, mwaka 2019, ni mzaliwa wa Nairobi, Wangechi Mutu. Aliketisha humo wanawake wanne wa shaba nyeusi, wakawa wanawatazama wapita njia wa Fifth Avenue kutoka juu.

Na Tingatinga je? Jina unalijua. Lakini wajua kwamba Edward Saidi Tingatinga alichora kwa miaka minne tu? Alianza Dar es Salaam mwaka 1968, na 1972 akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Alichora juu ya hadibodi, kwa rangi zile zile za kupakia baiskeli! Piga hesabu mwenyewe: miaka 4 ya kazi, zaidi ya 50 ya wafuasi, na chui wa mtindo wake bado wanauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay.

Kandambili yako ikikatika unaitupa wapi? Usijibu. Huko Lamu waliziokota 30,000 ufukweni, wakazitumia kufunika jahazi zima. Linaitwa Flipflopi, lina urefu wa mita 9, na mwili wake ni tani 10 hivi za taka za plastiki zilizoyeyushwa na kuundwa upya. Fundi mkuu wake, Ali Skanda, ni mjenzi wa majahazi ya kale, ila safari hii mbao zake zilikuwa chupa na ndoo za jana. Liliteremshwa majini 2018. Mwaka uliofuata likatweka tanga kutoka Lamu hadi Unguja, kilomita 500, rangi zote za upinde wa mvua ubavuni. Wale waliosema litazama sijui wamejificha wapi.

Kuzama kunanikumbusha: je, wajua kwamba mpingo, ule mti wa vinyago vya Wamakonde, ukiutia kwenye ndoo ya maji unakwenda chini moja kwa moja? Ni mzito kuliko maji. Na wanaopiga klarineti katika okestra za Ulaya wanapuliza mti huo huo.

Tena hii ya vinyago watani wangu wa Kenya hawaipendi sana. Uchongaji wa Wakamba wa Wamunyu, ule unaojaza maduka ya watalii Mombasa na Nairobi, unasimuliwa kuwa ulianzishwa na mtu mmoja, Mutisya wa Munge. Alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akawaona wachongaji wa huko wakiuza kazi zao, akarudi nyumbani na ufundi.

Je, wajua mti unaweza kuvuliwa ngozi na usife? Nenda Uganda, kwa Wabaganda. Fundi anaubandua mtuba, ambao ni wa jamii ya mkuyu, gome zima. Halafu analifunga shina kwa majani ya mgomba kama anayefunga kidonda, na gome jipya linaota. Lile la kwanza hupigwa kwa nyundo za mbao hadi linyooke na kulainika liwe kitambaa, lubugo. UNESCO ilikitambua mwaka 2005. Mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, alikikuta kwenye soko la vitu vya watalii, akaamua kuchora juu yake badala ya turubai. Mchoro wake mmoja uliuzwa New York mwaka 2019 kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Gome la mti, ndugu yangu!

Sasa ziba pua kidogo. Kule Iringa, mwaka 2003, vijana watatu viziwi walianza kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Tembo anakula majani mengi na kumeng'enya kidogo, kwa hiyo nyuzinyuzi zinatoka zikiwa tayari, kazi nusu ameshakufanyia. Ndivyo ilivyoanza Neema Crafts, karakana ya mafundi wenye ulemavu, yenye mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Chai unaagiza kwa kuandika au kwa ishara, na inakuja.

Rwanda nao wana samadi ya ng'ombe. Huchanganywa na majivu, hufinyangwa juu ya ubao iwe matuta yenye pembe kali, kisha hupakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ndiyo sanaa ya imigongo. Ikikauka hainuki.

Je, wajua kwamba kuna msanii aliyeshukiwa wizi kwa sababu kazi yake ilikuwa nzuri mno? Bodys Isek Kingelez alipeleka jengo dogo la karatasi katika makumbusho ya taifa, Kinshasa. Wenyewe wakatazamana: huyu kaiba wapi? Ikabidi aunde jingine mbele ya macho yao. Akaunda. Wakampa kazi pale pale, ya kukarabati vinyago vya kale. Baadaye alijenga miji mizima ya kadi, karatasi na maboksi, mmoja una urefu wa karibu mita 6. Mwaka 2018 miji yake iliwekwa katika makumbusho ya MoMA, New York.

Huko huko Kongo, Lusanga, wafanyakazi wa mashamba waliunda ushirika wa sanaa mwaka 2014. Wanafinyanga sanamu kwa udongo wa kwao, kisha zinamiminwa upya kwa chokoleti huko Amsterdam. Fedha wanazopata wananunulia nini? Ardhi, ile ile iliyokuwa mashamba ya kampuni.

Ukitaka kuwaona wasanii wakiwa kazini, usitafute majumba ya vioo. Kituo cha sanaa cha GoDown, Nairobi, kilianza 2003 ndani ya ghala la zamani eneo la viwanda. Kituo kingine, Nafasi cha Dar es Salaam, tangu 2008 kimewapa wachoraji makontena ya meli pale Mikocheni: rangi sakafuni, feni ukutani, mlango wazi.

Hujachoka? Je, wajua kwamba Magdalene Odundo, mzaliwa wa Kenya, hatumii gurudumu la mfinyanzi? Anapandisha chungu kwa mikono, anakisugua hadi king'ae bila kupaka glezi. Akitaka kiwe cheusi, anakichoma tena kwa moto unaonyimwa hewa. Somo hilo la mikono alilipata pia Abuja kwa Ladi Kwali, mfinyanzi ambaye picha yake iko kwenye noti ya naira 20 ya Nigeria. Chungu kimoja cha Odundo kiliuzwa Uingereza mwaka 2023 kwa zaidi ya pauni 500,000, na wala hakichemshi maharage.